Thurgood Marshall, avoka wa watu wasiokuwa na feza ya avoka

Mtu akifungwa bila kosa, ao akinyang'anywa haki yake, jamaa wanakutana usiku na swali linakuwa moja tu: tutapata wapi avoka, na tutamlipa na nini? Swali hilo si la Bukavu, Bunia ao Kalemie peke yake. Huko Marekani, hasa mikoa ya kusini, watu weusi walijiuliza vile kwa miaka mingi, na mara nyingi jibu lilifika kwenye jina la mtu mmoja: Thurgood Marshall. Amekufa zaidi ya miaka 30 sasa. Wengi wanamjua kama mtu mweusi wa kwanza kuwa mwamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Lakini kabla ya kuvaa joho la mwamuzi alitembea miaka 25 na zaidi akiwa avoka wa watu maskini, na ile sehemu ya maisha yake ndiyo yenye mafunzo mengi.

Alizaliwa Baltimore, mji wa bandari katika mkoa wa Maryland, tarehe 2 mwezi wa saba mwaka wa 1908. Baba yake, William, alikuwa akitumikia wasafiri chakula ndani ya treni, na baadaye akafanya kazi kwenye klabu ya wazungu matajiri. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Thoroughgood. Akiwa bado madarasa ya chini alichoka kuliandika, akalikata, likabaki Thurgood.

Kuna habari moja ya ukoo huo inayogusa masikio ya Mkongomani. Marshall alipenda kusimulia kwamba baba wa babu yake alichukuliwa utumwani kutoka Kongo, akafikishwa Maryland, na huko akawa mtu mgumu asiyeinamisha kichwa, mpaka bwana wake akachoka naye na kumwachilia huru kwa sharti aende mbali. Yule mzee, wanasema, hakwenda popote, alibaki palepale. Ni hadithi ya jamaa iliyopita kwa mdomo, na ichukuliwe vile. Lakini Marshall aliishika maisha yake yote, na wale waliopambana naye tribinali wangekubali kwamba ule ugumu ulikuwa umerithiwa.

Baba hakuwa na diplome kubwa. Hata hivyo alipenda kwenda tribinali kusikiliza watu wakihukumiwa, na aliwachukua vijana wake wawili. Nyumbani, mezani, neno lolote mtoto alilosema ilibidi alitetee kwa sababu, la sivyo baba alimrarua kwa maswali. Shuleni Thurgood alikuwa mtundu. Mkubwa wa shule alimpa adhabu ya kukaa peke yake na kitabu cha Katiba ya nchi mpaka akariri kipande fulani. Alirudishwa pale mara nyingi, na mwishowe akawa anajua karibu Katiba yote kwa moyo. Kijana yule aliona mapema kwamba maneno yaliyoandikwa kuhusu usawa wa raia na mambo aliyoyaona barabarani havikufanana hata kidogo.

Alisoma Lincoln University, mkoa wa Pennsylvania, akamaliza mwaka wa 1930. Mwaka mmoja mbele alikuwa amemuoa Vivian Burey, ambaye wote walimwita Buster. Alitaka kusoma sheria. Universite ya Maryland ilikuwa karibu na kwao na minervali yake ilikuwa nafuu, lakini haikupokea watu weusi. Ikabidi aende Howard, universite ya watu weusi jijini Washington. Aliamka usiku, akapanda treni, akarudi Baltimore usiku mwingine. Mama yake aliweka rehani pete yake ya uchumba na ya ndoa ili mtoto alipe masomo.

Huko Howard alikutana na mtu aliyemgeuza: Charles Hamilton Houston, mkubwa wa kitivo cha sheria, mtu mweusi aliyesoma Harvard. Houston alikuwa mkali. Wanafunzi walimwogopa, na wengi waliacha njiani. Kwake, avoka mweusi asiyetumia sheria kuinua watu wake alikuwa mzigo tu. Marshall akamaliza mwaka wa 1933 akiwa wa kwanza darasani.

Alifungua ofisi Baltimore katika wakati mbaya kabisa: uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawana kazi, na watu weusi ndio wa kwanza kufukuzwa. Wateja walikuwa wanakuja, lakini mfukoni hakuna kitu. Huyu amefukuzwa nyumba, yule amepigwa na polisi, mwingine anadaiwa. Marshall aliwapokea. Mwaka wa kwanza ofisi ilikula feza kuliko ilivyoingiza. Lakini wale walioshindwa kulipa walipeleka jina lake mbali, na kwa avoka kijana hiyo nayo ni aina ya malipo.

Kesi iliyomtangaza ilikuwa ya ile universite iliyomfungia mlango. Kunako mwaka wa 1935 kijana mweusi aitwaye Donald Murray, aliyekwisha kupata diplome Amherst, aliomba kusoma sheria Maryland na akakataliwa juu ya rangi. Marshall na mwalimu wake Houston wakaishika dosie. Hawakuanza kwa kupiga kelele kwamba ubaguzi ni dhambi. Sheria ya wakati ule iliruhusu kutenganisha watu kwa rangi kama kila upande unapata vitu vilivyo sawa. Wao wakauliza jambo dogo: iko wapi shule ya sheria ya watu weusi ya Maryland iliyo sawa na hii? Haikuwako. Mwamuzi akaamuru Murray aingizwe, na mwezi wa kwanza wa 1936 mahakama ya rufaa ya mkoa ikathibitisha. Murray akamaliza mwaka wa 1938.

Kisha wakafuata walimu. Maryland walimu weusi walilipwa karibu nusu ya mshahara wa wazungu, kwa kazi moja na diplome moja. Mama ya Marshall alikuwa mmoja wa walimu hao, basi kwake hesabu hiyo haikuwa ya kitabuni. Alisimamia kesi zao, wilaya moja baada ya nyingine.

Mwaka wa 1936 alihamia New York kufanya kazi NAACP, shirika la kutetea haki za watu weusi lililoanzishwa mwaka wa 1909. Miaka miwili baadaye akachukua nafasi ya Houston kama mkubwa wa maavoka, na mwaka wa 1940 akaanzisha tawi la pekee la utetezi wa kisheria. Kutoka hapo ndipo mtu asiye na kitu aliweza kupata avoka mkubwa.

Namna ilivyofanyika inafaa kuelezwa, maana watu wanafikiri avoka wa haki anashuka kutoka mbinguni. Barua zilifika New York kila siku, nyingine zimeandikwa kwa kalamu ya risasi, nyingine na mtu aliyeko gerezani. Ofisi ilikuwa na maavoka wachache sana. Isingeweza kuchukua kila mtu. Walitazama kwanza: je, mtu huyu ameonewa juu ya rangi yake? Je, haki yake ya kuhukumiwa sawasawa imevunjwa? Na je, kesi ikishinda, itafungua njia kwa wengine? Aliyekuwa na kesi ya deni ao ya shamba la jirani alielekezwa kwa avoka wa mahali pake. Kwa waliopokelewa, feza ilitoka kwa michango ya wanachama: makanisa, walimu, wafanyakazi wa treni, watu wa senti moja moja. Marshall mwenyewe alisafiri akihubiri kesi na kukusanya michango. Ndani ya barua zake kwa wakubwa wa New York alizungumza wazi kuhusu kesi gani itawagusa watu watoe feza. Wengine wanaweza kuona ni baridi ya roho. Lakini bila ile feza, mtu alikuwa ananyongwa.

Mteja naye alikuwa na kazi yake. Kila mahali walihitaji avoka wa pale anayejua waamuzi na njia. Walihitaji pia mtu mwenye jina lake mwenyewe, tayari kulitia kwenye karatasi na kusimama mbele ya watu. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa bei kubwa.

Mwaka wa 1941 alifika mji mdogo wa Hugo, mkoa wa Oklahoma, kumtetea W. D. Lyons, kijana mweusi aliyeshitakiwa kuua watu wa jamaa moja ya wazungu na kuchoma nyumba. Lyons alipigwa usiku, mifupa ya wale waliokufa ikawekwa juu ya mwili wake, mpaka akakiri. Marshall alihoji wale polisi mbele ya watu waliojaa tribinali. Lyons alihukumiwa kifungo cha maisha. Katika mahali pale na wakati ule, kutokunyongwa kulionekana kama nusu ya ushindi. Rufaa ilifika Mahakama Kuu, na mwaka wa 1944 Marshall akashindwa. Lyons alipata msamaha mwaka wa 1965.

Kwenda kusini kwa avoka mweusi haikuwa safari ya hoteli. Hoteli hazikumpokea. Alilala kwa waumini, akibadilisha nyumba, na wanaume wa mtaa walikesha na bunduki mlangoni. Tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka wa 1946, baada ya kutetea watu weusi wa Columbia, mkoa wa Tennessee, kufuatia vurugu zilizotokea mji ule, alitoka usiku kwa gari pamoja na wenzake. Polisi wakawasimamisha njiani. Walimkamata Marshall peke yake, wakisema ameendesha gari amelewa, wakamwingiza ndani ya gari lao na kuwaambia wengine waendelee na safari. Gari likashika barabara ya udongo kuelekea mto. Mwenzake, avoka Alexander Looby, akakataa kuondoka, akafuata nyuma hata walipomwamuru arudi. Wale polisi, kuona wanatazamwa, wakageuza kurudi mjini. Mwamuzi mzee wa pale akanusa pumzi ya Marshall na kusema hakuna pombe. Looby asingefuata, habari ya Marshall labda ingeishia pale mtoni.

Katika miaka hiyohiyo ushindi ulianza kukusanyika. Mwaka wa 1944, katika kesi ya Lonnie Smith, daktari wa meno wa Texas, Mahakama Kuu ilikataza vyama kufungia watu weusi nje ya uchaguzi wa kuteua wagombea. 1948, mikataba ya kukataza kuuzia watu weusi nyumba ikakosa nguvu mbele ya mahakama. 1950, Heman Sweatt, mpeleka barua, akaingia kitivo cha sheria cha Texas, baada ya mkoa kujaribu kumtengenezea shule yake ya pekee kwa haraka. Marshall alikuwa anapanda ngazi: kwanza universite, kisha shule za watoto.

Ngazi ya watoto ilianza na otobisi. Katika wilaya ya Clarendon, mkoa wa South Carolina, wazungu walikuwa na mabisi 30 ya shule, watoto weusi hawakuwa na hata moja. Wengine walitembea kilometa nyingi kila asubuhi. Mkulima mmoja, Levi Pearson, akitiwa moyo na Mchungaji Joseph DeLaine, alishitaki. Mwaka wa 1948 kesi ikatupwa kwa sababu ya karatasi: shamba lake lilikuwa kwenye mpaka, na kodi alilipia upande mwingine. Juu ya hilo tu. Kisha wafanyabiashara wazungu wakakataa kumkopesha mbegu na mbolea.

Mwaka uliofuata DeLaine na wenzake walikutana na Marshall. Yeye aliwapa sharti: hatachukua kesi ya mtu mmoja tena. Mtu mmoja anatishwa, ananunuliwa, ao anakutwa na kosa la kodi. Alitaka watu 20. Linaonekana jambo rahisi, lakini tazama maana yake pale Clarendon, ambapo karibu kila mtu mweusi alilima shamba la muzungu, aliishi nyumba ya muzungu na alikopa dukani kwa muzungu. Ilichukua miezi minane. Mwezi wa 11 mwaka wa 1949 walikutana na kutia sahihi, na waliotia sahihi walikuwa zaidi ya 100, wazazi na watoto pamoja. Jina la Harry Briggs lilitangulia, na kesi ikaitwa kwa jina lake.

Briggs alifanya kazi kwenye kituo cha mafuta. Alifukuzwa. Mke wake Eliza alikuwa mtumishi wa usafi. Aliambiwa atoe jina ao aache kazi, hakutoa, akaacha kazi. Nyumba ya DeLaine ikachomwa moto, na mwaka wa 1955 kanisa lake pia. Usiku watu walipopiga risasi nyumbani kwake, naye akajibu kwa bunduki, kisha akakimbia mkoa ule na hakurudi kuishi humo tena. Ndiyo malipo waliyotoa kwa avoka ambaye hakuwadai hata senti.

Wakati huo mkoa ulikuwa unatumia dola 179 kwa mwaka kwa kila mtoto muzungu wa Clarendon, na dola 43 kwa mtoto mweusi. Marshall kwanza aliomba usawa wa vitu. Mwamuzi Waties Waring, muzungu wa Charleston aliyekwisha kuchukiwa na wazungu wenzake, alimsukuma ashambulie ubaguzi wenyewe, na Marshall akaandika mashitaka upya. Akamleta mtaalamu Kenneth Clark, aliyewaonyesha watoto wa Clarendon midoli ya rangi mbili. Wengi wa watoto weusi walichagua mdoli mweupe kuwa mzuri, na mweusi kuwa mbaya. Baadhi ya wenzake Marshall walicheka habari ya kupeleka midoli mahakamani. Yeye alisema mtu akiumizwa, lazima uonyeshe kidonda.

Kesi ilisikilizwa Charleston mwezi wa tano 1951. Wakulima wa Clarendon walisafiri usiku wapate nafasi, wakajaza ngazi za tribinali. Waamuzi wawili juu ya watatu waliwakatalia. Waring peke yake alikuwa upande wao. Dosie ikapanda Mahakama Kuu pamoja na nyingine nne, zote zikiitwa kwa jina la ile ya Kansas, Brown. Upande wa South Carolina alisimama John W. Davis, avoka muzungu wa New York mwenye sifa kubwa, aliyewahi kugombea urais wa nchi. Naye hakuchukua malipo. Mkoa ulimpa zawadi ya vyombo vya chai vya feza. Maavoka wawili wa bure walipambana, mmoja kwa kikombe cha feza, mwingine kwa niaba ya watu waliopoteza kazi.

Tarehe 17 mwezi wa tano mwaka wa 1954 waamuzi wote tisa walikubaliana: kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Furaha ilikuwa kubwa, lakini shule nyingi za kusini zilikaa miaka na miaka bila kubadilika. Briggs mwenyewe ilibidi aende Florida kutafuta kazi.

Furaha ya Marshall nayo haikudumu. Mke wake Buster aliugua kansa, akafariki mwezi wa pili 1955. Mwisho wa mwaka ule alimuoa Cecilia Suyat, mwandishi wa ofisi ya NAACP, mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Ufilipino. Walizaa vijana wawili.

Wakubwa wa kusini walipoona hawawezi kumshinda avoka, walijaribu kumkatia njia ya wateja. Mwaka wa 1956 Virginia ilitunga sheria za kufanya iwe kosa kwa shirika kuwaelekeza watu kwa maavoka wake na kulipia kesi zao. Kwa maneno mengine: maskini aweze kwenda tribinali, mradi aende peke yake. Mahakama Kuu ilikuja kukataa jambo hilo mwaka wa 1963, ikisema kutafuta haki kwa njia ya shirika ni uhuru wa raia.

Marshall alikuwa amekwisha kuondoka. Lakini kabla ya hapo alifika Afrika. Mwezi wa kwanza 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikwenda Kenya, kisha London, kuwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mazungumzo ya katiba pale Lancaster House. Aliandika mapendekezo ya haki za raia. Kitu kilichowashangaza wengi: yule mtetezi wa weusi waliokuwa wachache kwao alipigania, kwa Kenya, ulinzi wa wazungu na Wahindi waliokuwa wachache kule, pamoja na mali zao. Kwake ilikuwa sheria ileile, imegeuzwa upande. Alirudi Kenya mwaka wa 1963, na baadaye alilalamika waziwazi juu ya namna Wahindi walivyotendewa.

Miaka iliyobaki inajulikana zaidi. Rais Kennedy alimteua mwamuzi wa mahakama ya rufaa mwaka wa 1961, na maseneta wa kusini wakamchelewesha karibu mwaka mzima. Rais Johnson akamfanya mtetezi wa serikali mbele ya Mahakama Kuu mwaka wa 1965, na mwaka wa 1967 akamteua mwamuzi wa mahakama hiyohiyo. Seneti ikapiga kura 69 kwa 11. Akiwa avoka alikuwa amesimamia pale kesi 32 na kushinda 29. Alikaa kitini miaka 24, na mwishoni mara nyingi alibaki upande wa wachache, akiandika kwa hasira, hasa juu ya adhabu ya kifo. Afya ikamshinda, akastaafu 1991. Alifariki tarehe 24 mwezi wa kwanza 1993, na miaka 84. Jeneza lake liliwekwa ndani ya Mahakama Kuu, na watu elfu kwa elfu wakapita kwenye baridi kumuaga.

Dosie moja yake ilibaki wazi. Mwaka wa 1949, Groveland, mkoa wa Florida, vijana wanne weusi walishitakiwa kumbaka mwanamke muzungu. Ernest Thomas aliuawa na kundi la watu waliomwinda. Samuel Shepherd na Walter Irvin walihukumiwa kifo, Charles Greenlee kifungo cha maisha. Maavoka wa Marshall walipata Mahakama Kuu ifute hukumu za kifo. Mkubwa wa polisi wa wilaya, akiwasafirisha Shepherd na Irvin kwa kesi mpya, akawapiga risasi wote wawili wakiwa wamefungwa pingu pamoja. Shepherd alikufa, Irvin alijifanya maiti na akapona. Usiku wa Noeli 1951, Harry Moore, kiongozi wa NAACP aliyepigania kesi hiyo, alilipuliwa ndani ya nyumba yake pamoja na mke wake. Wiki chache baadaye Marshall alikwenda Florida mwenyewe kumtetea Irvin. Alishindwa. Hukumu ya kifo ikageuzwa kifungo cha maisha mwaka wa 1955. Mwezi wa 11 mwaka wa 2021 mwamuzi wa wilaya ileile alifuta mashitaka ya wote wanne. Wote walikuwa wamekwisha kufa, na avoka wao pia, ila watoto na wajukuu wao walikuwa wamekaa pale ndani wakisikiliza.